Hapakuwa na Mtu

Eliakimu, Bwana Utumishi wa shamba la ngano la serikali, alimsikia Fransiska kwenye arusi moja kule Nangwa, ngoma kwapani, akiwaimbisha wanawake arobaini mpaka vumbi likawafika magotini. Wiki ileile akamfuata nyumbani Mogitu na Land Rover. Wageni wanakuja, alisema, wale wafadhili walioleta matrekta na kombaini za kuvunia, nao lazima waburudishwe. Atalipwa shilingi mia mbili. Wageni wakiridhika, ataajiriwa kwenye kikundi cha ngoma cha shamba, mshahara kila mwezi.

Fransiska alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu aanze kuimba hajawahi kulipwa zaidi ya kibuyu cha togwa na ahsante. Kuimba ndicho kitu pekee alichokifanya bila kuchoka, na sasa mtu mwenye tai alikuwa anamwambia kwamba kinaweza kuwa kazi. Alikubali kabla yule bwana hajamaliza chai.

"Maneno haya hapa," Eliakimu akasema, akitoa karatasi iliyopigwa taipu. "Wewe tia sauti tu."

Mwanzishaji aseme: hapa zamani palikuwa pori. Waitikiaji wajibu: hapakuwa na mtu. Hapa palikuwa na fisi na miiba. Hapakuwa na mtu. Na kadhalika, mistari minane, mpaka ngano ifike upeo wa macho.

Hapakuwa na mtu! Mwaka wa sabini, matrekta yalipofika na kuangusha tembe, nani aliyekuwa anakimbia na ngozi ya kulalia kichwani? Upepo? Kaya sitini ziliondolewa uwanda ule zikaishia Mogitu, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Waliorudi kuchota maji kwenye kisima walichokichimba wenyewe walishtakiwa kwa kuingia bila ruhusa. Halafu watu wakakaa mezani, wakachovya wino, wakaandika kwamba eneo lilikuwa wazi. Karatasi ya Eliakimu ilizaliwa na karatasi ile.

Lakini mwaka huo Fransiska alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alipopata akili alikuta uwanda wote ni ngano. Aliyasoma maneno yale akihesabu mapigo tu, akaona yanakaa vizuri kwenye ngoma, akaridhika.

Jioni akaenda mbio kwa Bernadina, dada mkubwa wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Unahema nini, umefukuzwa na fahali?"

Akamweleza yote, kwamba wao wanawake ndio watakaoitikia na shamba litaleta trekta, akamwimbia na kiitikio. Bernadina alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukasimama.

"Hapakuwa na mtu," akarudia polepole, kama anayeonja dawa.

"Ni wimbo tu, mama."

"Trekta litatuchukua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Haya."

Fransiska alitoka pale karibu aruke. Akazunguka nyumba kwa nyumba, kila mahali akapewa "haya" ileile, na zote akazichukua kuwa ndiyo.

Siku ilipofika, wanawake arobaini walishushwa kwenye trela mbele ya maghala ya bati. Wageni walikaa chini ya turubai wamevaa kofia. Meneja alihutubia mpaka jua likapanda. Ndipo Eliakimu akampungia Fransiska mkono.

Akapiga ngoma, akatupa mstari wa kwanza. Sauti yake siku hiyo ilikuwa safi kuliko siku zote. Kisha akanyamaza, kama inavyopasa, kwa sababu kwao wimbo si wa anayeanzisha. Yeye hufungua mlango tu. Wimbo wenyewe ni wale wanaoitikia.

Kimya. Alisikia mabati ya ghala yakilia kwa joto.

Akadhani hawakusikia. Akarudia, kwa nguvu zaidi, akageuka kuwatazama. Walisimama wote arobaini, mikono imefumbatwa juu ya khanga, midomo imefungwa. Hata Natalia, ambaye padri mwenyewe alishindwa kumnyamazisha kwenye misa. Hawakuwa na hasira usoni. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mpita njia.

Mara ya tatu Fransiska akajiitikia mwenyewe. "Hapakuwa na mtu." Alijiitikia mara nane, mpaka mstari wa mwisho, na kila mara alijisikia kama anasukumwa hatua moja nje ya mlango wa kwao.

Wageni wakasimama kupiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

"Umewamaliza!" Eliakimu alisema, akimkabidhi bahasha. "Kumbe peke yako unatosha! Wale akina mama tusiwaite tena, wanakula pilau yetu bure. Jumatatu njoo uandikishwe."

Fransiska akaenda kwenye trela na bahasha yake. Wanawake walikuwa wameshapanda. Akajibana karibu na Bernadina.

"Mama, kwa nini hamkuniambia? Mngesema tu hamtaki."

"Ulituuliza? Ulikuja kututajia saa ya trekta."

"Mwacheni jamani," Natalia akadakia. "Mtumishi wa serikali huyo. Msimchafue gauni."

Wakacheka. Bernadina hakucheka.

"Mwanangu Marko nilimzika pale wanapoegesha kombaini," alisema. "Miezi saba alikuwa nayo. Ulitaka nisimame juu yake nijibu nini?"

Trekta likaanza kwenda, mabua ya ngano huku na huku, hakuna mti, hakuna moshi wa jiko. Baada ya muda Natalia akaanzisha wimbo wa kupalilia, sauti inakwaruza kama kawaida yake, na trela zima likaitikia kwa kishindo. Fransiska alijikuta anavuta pumzi. Ulikuwa wimbo wa kwanza kuujua maishani. Mstari wa pili ulipotupwa, naye akaitikia.

Aliitikia peke yake. Wengine walikuwa wamefunga midomo.

Natalia hakutoa mstari wa tatu. Akatazama pembeni, akakaza fundo la kilemba. Kutoka pale mpaka Mogitu ni mwendo wa saa nzima kwa trekta, na njia yote ilisikika injini tu.