Kwenda Rutamba kwa Njia ya Sebuleni

Monika alizifungia katambuga zangu kwenye kabati la nguo, akautia ufunguo ndani ya blauzi yake, akasema mazungumzo yamekwisha. Mfuko wangu wa safari nao uliingia humohumo. Nikabaki peku katika nyumba ya binti yangu hapa Kivinje, nikizunguka kati ya kochi na mlango kama kuku mgeni.

Kosa langu lilikuwa kuanguka. Nilitoka Kinjumbi nikielekea Rutamba, nikashuka Nangurukuru kubadilisha gari, na pale stendi miguu ikaniacha. Niliona mbingu, halafu nikaona sura za wauza korosho zimenizunguka. Wakachukua simu yangu wakampigia Monika. Zahanati walisema ni presha. Wakasema nipunguze chumvi, na nifanye mazoezi, hasa kutembea.

"Umesikia," nikamwambia Monika. "Kutembea."

"Utatembea, baba. Lakini nikuone."

Sasa, huko Rutamba yuko Xaveri. Mimi na Xaveri tumekata mkonge pamoja, tumechota chumvi pamoja, na Liwale tulifukuzwa pamoja kwa jambo ambalo hatukulifanya. Alinitumia salamu kwamba macho yake yanaziba. La kushoto limekwisha, la kulia limebaki kama dirisha lililowekwa pazia, na anataka kuniona sura kabla nalo halijafunga. Alisema kuniona, hakusema kuzungumza. Kuzungumza tunaweza hata gizani. Kwa hiyo kila siku niliyokaa Kivinje ilikuwa inatoka kwenye jicho la Xaveri. Nilimweleza Monika hivyo. Akasema nikifa njiani Xaveri ataona jeneza.

Mkwe wangu Frank, ambaye kazi yake iko Dar, alikuwa ameleta mashine ya gemu za mazoezi ili mkewe apunguze mwili. Monika aliijaribu mara moja, akaifunika kitambaa cha kufuma na kuiwekea maua ya plastiki juu. Sasa akayaondoa maua. Mashine inaungwa kwenye tivii. Ina kijicho kinachokutazama, na mkanda wa kufunga pajani. Unatembea papo hapo juu ya mkeka, na mle kwenye tivii kuna mwanasesere anatembea barabarani badala yako. Ukikimbia anakimbia. Ukisimama anasimama, anashika kiuno.

"Siku mashine ikisema uko vizuri, nakufungulia kabati," alisema Monika.

"Nani kaiambia mambo yangu?"

"Ina jicho, baba."

Kwanza alitokea dada mmoja wa Kizungu, nguo zimembana, anapandisha magoti. Nikangoja shikamoo. Hakutoa. Nikaona labda ni mgeni, nikamwambia habari ya asubuhi mimi mwenyewe. Akaendelea na magoti yake. Kisha akaja mwanasesere wangu, hana ndevu, nywele kibao, na mguuni ana raba nyekundu.

"Hata huyu ana viatu," nikasema.

"Huyo wa kuchora, baba. Tembea."

Nikatembea. Kusema kweli njia ile ilinitia uchungu. Nimezunguka nchi hii toka sijaota ndevu, sijawahi kuona barabara kama ile. Vilima vya kijani, maua, jua lisilochoma, na mtu hakuna hata mmoja. Hakuna wa kukuuliza unatoka wapi. Hakuna anayeuza machungwa. Jioni mashine ilinipa nyota moja, na Monika akasoma maandishi ya Kiingereza, akasema nimeambiwa mwili wangu una umri mkubwa kuliko mimi mwenyewe.

Mimi siwezi kupita njia isiyo na jina. Kesho yake nikaanza kuipa majina. Kona ya kwanza yenye jiwe nikaiita Nangurukuru, nikapita haraka maana nina aibu nayo. Daraja la mbao nikasema hii Mavuji. Pale mwanasesere alipopandisha kilima nikasema naam, tumeikaribia Mandawa. Miguu ikapata nguvu. Nikawa nasalimia watu wa Mandawa ninaowajua, kwa sauti, mmoja mmoja.

Dirishani akatokea Hasani, Mmatumbi wa nyumba ya nyuma. Hasani ni mtani wangu, kazi yake ni kuninyima raha.

"We Mmakonde, unakimbizwa na nani?"

"Nakwenda Rutamba."

"Umefika wapi?"

"Mandawa."

Akachungulia, akamtazama mwanasesere, akanitazama miguu. "Mandawa kuna jua?"

"Jua lipo, ila halichomi."

"Basi umepotea njia," akasema, akaenda zake barazani kusambaza habari.

Siku iliyofuata nilikuwa natoka Kiranjeranje, jasho linanitoka, nikasikia hodi. Alikuwa jirani yetu Biasha, mke wa mvuvi, amebeba kifurushi cha ukindu.

"Shikamoo mzee Cletus."

"Marahaba, mama. Siwezi kusimama, mashine inapunguza nyota."

"Usisimame. Nasikia umeshapita Kiranjeranje."

"Naiacha sasa hivi."

"Basi vizuri. Huyu ni pweza mkavu, ni wa dada yangu Kibibi, yuko Mchinga, nyumba ya tatu ukishapita msikiti. Mwambie nimempata, asinung'unike tena."

"Mama Biasha, mimi sitoki humu ndani."

"Najua hutoki. Lakini si unapita?"

Mtu akijua uko safarini akakupa mzigo, unapokea. Mimi mwenyewe nimeishi kwa mizigo ya namna hiyo: unafika kwa watu usiowajua, una samaki wa ndugu yao mkononi, unapewa mahali pa kulala. Nikampokea pweza. Nilitaka kumweka juu ya meza, nikaona mzigo uliokaa mezani hausafiri. Nikamtia begani, nikaendelea.

Monika aliporudi kutoka dukani kwake aliukuta ukumbi unanuka soko la samaki.

"Baba, hicho nini?"

"Cha Kibibi wa Mchinga."

"Kinafanya nini begani kwako?"

"Kinakwenda Mchinga."

Alikaa kwenye kochi akanikagua mgongo. Kisha akasema mabega yamekaa sawa kuliko jana, niendelee.

Baada ya pweza mlango haukufungwa tena. Modesti fundi baiskeli alileta salamu tu, za mtu wa Kitomanga, lakini ndefu, na akataka nizirudie nikiwa nakimbia ili ahakikishe hazidondoki. Anjelina, ambaye tunasali naye kanisa moja na kwao ni Rutamba, akaleta kuku wa kumpelekea mdogo wake Katarina, mke wa Xaveri. Kuku alikuwa hai, miguu imefungwa kamba. Monika akasema kuku hafungwi kwenye zulia lake, nikamfungua.

Hapo ndipo mashine ilipochanganyikiwa. Kijicho kilimwona kuku, kikamhesabu kuwa mchezaji wa pili. Akatokea mwanasesere mwingine kwenye tivii, wa kike, raba za buluu. Mimi nikitembea, kuku naye anatembea, anadonoa mkeka, anarudi. Dada wa Kizungu akapiga makofi. Mwisho wa safari mimi nilipata nyota mbili. Kuku alipata tano, fataki zikalipuka tivii nzima, na Monika akasoma kwa sauti ndogo kwamba mchezaji wa pili yuko vizuri sana na ana umri wa kijana.

Hasani alikuwa dirishani. "Monika, mwanangu, makubaliano yalikuwaje?"

"Makubaliano gani?"

"Mashine ikisema yuko vizuri, anaondoka. Imesema. Mfungulie kuku kabati."

"Baba Hasani, niache na baba yangu."

"Mimi namtetea kuku. Huyu Mmakonde akae."

Monika hakucheka. Nilimwona anashika ufunguo juu ya blauzi, anaubonyeza, kama anataka kujua bado upo. Akaniambia polepole, Hasani akiwa anasikia, "Siku ile nilipofika Nangurukuru walikuwa wamekufunika kanga usoni, baba. Nilijua nimechelewa."

"Walinikinga jua."

"Sasa najua. Siku ile sikujua."

Hasani akaondoka dirishani. Nami nikafunga mkanda pajani nikaendelea na safari.

Kibibi akapiga simu. Monika akaweka sauti ya nje ili niendelee kutembea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimeambiwa baba yako anakuja na pweza wangu. Amefika wapi?"

"Mama, baba yuko hapa sebuleni."

"Ndiyo. Lakini amefika wapi?"

Monika akanigeukia. Sikuwa na namna. "Mbwemkuru," nikasema. "Napandisha."

"Basi kesho alasiri atakuwa hapa," akasema Kibibi. "Nitakuna nazi."

Kesho yake alasiri nilipita Mchinga. Niliijua kwa miguu. Kulikuwa na bonde, halafu nyumba nyeupe tatu, za kwanza kuziona toka safari ianze. Nilitaka kusimama. Nikamwambia yule dada nina mzigo wa watu hapa. Lakini ilikuwa sehemu ya mbio, namba zinarudi nyuma, yeye anapiga makofi, na mwanasesere wangu kashika kasi. Nikaona nikisimama sasa nyota zote zinapotea na Xaveri anapotea nazo. Nikapita. Pweza alikuwa ananipiga mgongoni. Nikaziona nyumba zile zinabaki nyuma na nikasikia aibu ya kweli, hapo juu ya mkeka.

Simu ilikuja asubuhi, tunakunywa chai. Kibibi hakungoja salamu zikamilike.

"Monika, baba yako nimemkosea nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Jana amepita hapa. Mimi nipo kibarazani, wali uko tayari. Namwita, mzee Cletus, mzee Cletus. Hakugeuka. Pweza wangu namwona begani kwake. Mbio, jasho linamtoka, kaelekea Lindi."

"Mama, haiwezekani. Baba jana alikuwa hapa. Nilikuwa naye."

"Mimi na wewe nani alikuwa Mchinga?"

Kibibi akapoa, akashusha sauti, na alichosema baadaye alikisema kwa huruma.

"Nisingesema, lakini mimi pia ni mama. Alikuwa peku."

"Peku?"

"Peku, mwanangu. Barabara ya lami, saa ya jua. Watu wote wamemwona. Wanauliza, mzee huyu hana watoto?"

Monika alikata simu. Nilingoja aseme kwamba Kibibi ana wazimu, au mimi nina wazimu, au mashine. Yeye aliitazama miguu yangu. Nami nikaitazama. Nyayo zilikuwa nyeusi, na kisigino cha kulia kimepasuka, jambo ambalo mkeka haulifanyi.

"Kumbe unakwenda tu," akasema.

"Sijui, mwanangu."

"Nimefunga mlango, nimefunga kabati, na bado unakwenda. Tena unanitia aibu mpaka Mchinga." Akatoa ufunguo kwenye blauzi. "Kama unakwenda, nenda na viatu."

Akafungua kabati. Katambuga alikuwa amezipiga brashi na kuzifunga kwenye gazeti, sijui lini. Akanivalisha mwenyewe, kapiga magoti sakafuni. Halafu akauchukua mfuko wangu, na mkoba wake, akafunika mashine kwa kile kitambaa, akarudisha maua juu.

"Na wewe?" nikauliza.

"Nataka nimwone mtu anayekufanya ukimbie hivyo."

Tulipanda gari pamoja, mimi, yeye, pweza na kuku. Mchinga tulimkuta Kibibi palepale kibarazani. Alimpokea pweza, akamnusa, akaniangalia viatu, akatikisa kichwa kwa Monika kama mtu aliyeridhika.

"Ndiyo unarudi?" akaniuliza.

"Nakwenda."

"Tena? Ulisahau nini?"

Kitomanga nilizitoa salamu za Modesti zote, hakuna iliyodondoka.

Rutamba, Xaveri alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi kwa vidole. Katarina alimpokea kuku, akamweka chini, na kuku akaanza kutembea mbele na nyuma mahali pamoja. Katarina akauliza kama anaumwa. Monika akasema hapana, yuko vizuri sana.

"Xaveri," nikasema. "Ni Cletus."

"Najua. Nimesikia hatua zako toka juzi." Akaweka gunzi chini, akainua uso, akageuza kichwa ili lile jicho la kulia linipate. "Simama hapo penye mwanga. Simama sawa, mbona unatikisika?"

Ndipo nilipotambua kuwa miguu yangu ilikuwa inatembea. Papo hapo, goti juu, goti chini, juu ya vumbi la Xaveri. Nilijaribu kuizuia, ikakataa.

"Unakwenda wapi tena, bwana?"

"Siendi popote."

"Basi tulia nikuone."

Monika akaja nyuma yangu, akaniwekea mikono miwili mabegani, akanikandamiza taratibu kama mtu anayefunga kifuniko cha debe. Miguu ikasimama. Xaveri akasogea karibu, karibu sana, mpaka nikasikia pumzi yake inanuka ugoro. Akanitazama kipande kipande, paji, pua, ndevu. Hakuharakisha.

"Umezeeka," akasema.

"Mashine nayo imesema hivyo."

"Mashine gani?"

"Kaa," nikamwambia. "Ni habari ndefu."

Monika akatuletea mkeka, nikavua viatu, nikaketi.