Stesheni ya Mashua

Wenye mitumbwi wote pale bwawani Igombe huiburuta tu mpaka kwenye tope, wakaifunga kwenye kisiki, wakaenda zao kula ugali. Mzee Damas hakuweza. Mtu aliyekuwa stesheni masta wa Igalula ataburutaje chombo kwenye tope kama gogo la kuni? Mashua yake ilipofika juu ya lori kutoka Mwanza, ya bati, imepakwa buluu inayong'aa, alimwambia mkewe Pelagia kwamba kitu kama hicho hakilali nje. Kikajengewa banda. Na kutoka bandani mpaka majini kikajengewa reli.

Reli kweli, jamani, sisemi kwa mfano. Fundi wa kuchomelea alitoka Mtendeni na vyuma vyake, akavilaza juu ya mataruma ya mninga, njia moja iliyonyooka, ikashuka bustanini, ikapita katikati ya matembele ya Pelagia bila hata samahani, ikaingia majini mpaka kina cha kiuno. Juu ya reli likawekwa toroli la kubeba mashua. Toroli likafungwa waya, na waya ukazungushwa kwenye winchi mlangoni mwa banda. Ukilegeza winchi, mashua inashuka majini polepole. Ukiikaza, inapanda kwenda kulala. Hata Badar, jirani mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye huja bwawani kupumzika mwisho wa wiki, alisimama akaitazama akasema mashaallah, hii ni akili.

Pelagia naye alifurahi, pamoja na matembele yake kukatwa mapande. Ng'ambo ya bwawa anaishi dada yake Josepha, mgonjwa wa miguu, hawezi kutoka. Kwa barabara ni kuzunguka mbali, na mvua za mwaka huu zilikuwa zimebeba daraja. Kwa mashua ni hapo tu, moshi wa jiko la Josepha unauona. Siku reli ilipokamilika Pelagia alijua moyoni kwamba sasa atakuwa anakwenda kwa dada yake kama anayekwenda dukani.

Weee! Hakumjua mumewe, pamoja na kuishi naye miaka yote hiyo. Kilichostaafu ni mshahara. Mtu mwenyewe alibaki kazini. Baada ya wiki moja pale bandani palikuwa na kengele, filimbi, na bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Pelagia aliteuliwa kushika bendera na kuzungusha winchi, na wala hakuulizwa kama kazi anaitaka. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: mashua haigusi reli bila bendera ya kijani. Iwe jua, iwe mvua ya mawe, nyekundu ni nyekundu.

Kwa sheria Damas hakuwa na utani tangu zamani. Kule Igalula aliwahi kuiacha treni ya mizigo isubiri nje ya stesheni mpaka dereva akashuka akapika chai. Aliwahi kupuliza filimbi treni ikaondoka, na mama mkwe wake mwenyewe akabaki jukwaani, jogoo mkononi, kwa sababu alichelewa kidogo tu. Marehemu yule mama hakulisahau hilo mpaka anaingia kaburini.

Basi, mashua ikaanza safari, lakini si za watu. Damas alisema njia mpya lazima ijaribiwe kwa mzigo kabla ya kupakia abiria. Akajaza viroba vya mchanga, akavipanga kwenye mashua, akawa anavitembeza bwawani kila asubuhi, anavirudisha. Krismasi ikapita, Kwaresima ikaingia, viroba vinasafiri. Pelagia alikaa kwenye winchi akivitazama vinakwenda matembezi, na wivu ukamshika. Utauonea wivu mchanga? Yeye aliuonea.

Ndipo ikaja habari ya mtoto. Mjukuu wa Josepha alizaliwa msichana, akaitwa Pelagia, na bibi mwenye jina alitakiwa awepo siku somo wake anabatizwa, tena yeye ndiye wa kuleta kigauni cheupe. Padri hufika kigango cha kule ng'ambo kwa nadra, na safari hii angefika Jumapili. Pelagia alishona kigauni kwa mkono wake. Alimwambia mumewe Jumatatu, akamkumbusha Jumatano, na Jumamosi akamwambia tena. Kila mara Damas aliitikia "mmm", ile ya mtu anayesoma gazeti.

Jumapili asubuhi Pelagia alishuka bustanini kavaa kitenge kipya, kapu mkononi, kigauni kimekunjwa juu ya maandazi. Akamkuta mumewe ndani ya mashua, kofia yake ya kazi kichwani, na mbele yake viroba vimekaa kwa heshima zote. Damas alimweleza kwa upole kabisa kwamba majaribio hayajakwisha, abiria wataanza baada ya masika, na Josepha ni mtu mwelewa. Kisha akampa ishara alegeze winchi.

Pelagia akailegeza. Mashua ikashuka, ikaelea, Damas akapiga makasia akazunguka na mchanga wake. Akarudi, akapuliza filimbi kuomba njia. Pelagia alikuwa ameketi juu ya winchi, kapu miguuni, ameinua bendera nyekundu.

Damas akasubiri. Akapuliza tena. Nyekundu. Akanyoosha shingo kuona kama kuna mbuzi relini. Hakuna mbuzi. Akashusha jiwe lake la nanga akakaa.

Jua likapanda. Badar akatoka na kikombe chake cha kahawa, akamwamkia mzee shikamoo, akauliza kulikoni. Damas akajibu marahaba, akaeleza kwamba anasubiri kupokelewa. Badar, kwa nia njema tu, akamshauri ashuke atembee, maji yenyewe hayazidi kiuno. Damas alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali kanisani. Badar akanywa kahawa yake, akavuta kiti, akaona hapa haondoki mtu.

"Mama Festo," Damas akaita mwishowe, "njia ina nini?"

"Njia ni nzima, Baba Festo. Kuna abiria hajasafiri."

"Abiria gani?"

"Mimi." Na sauti yake, ambayo aliipanga iwe ya ukali, ikamkatikia. "Umewapeleka watu Kigoma, umewapeleka Mwanza, umewapeleka Dar. Mimi nilikuwa nakaa dirishani kwenye kota nawaangalia wanavyopunga mikono. Hujaniuliza hata siku moja kama kuna mahali nataka kwenda."

Damas alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonewa humo, akaivaa tena. Kisha akainama akakamata kiroba cha kwanza, akakitumbukiza majini. Akakamata cha pili. Vyote vikaenda chini, na mashua ikanyanyuka. Pelagia akashusha nyekundu, akainua kijani, akaikaza winchi, mashua ikapanda.

Safari ya kushuka aliizungusha winchi Badar, kafurahi kama kapewa cheo. Damas alimshika mkewe mkono akamkalisha nyuma, juu ya mto aliouleta kutoka sebuleni, akapiga kengele, akapuliza filimbi, na wakaondoka. Bwawa lilikuwa limetulia. Pelagia alitumbukiza vidole majini akawa anacheka peke yake njia nzima. Mumewe alipiga makasia, ila kila mara alimtupia jicho, kama anayehakikisha mzigo haujasogea.

Ng'ambo, Josepha alikuwa amewaona zamani. Mgonjwa wa miguu, lakini siku hiyo alijikokota na fimbo yake mpaka ukingoni, na kwa furaha akavua kanga begani akaanza kuipunga juu ya kichwa kwa nguvu zake zote. Kanga ilikuwa nyekundu, nyekundu ya damu.

Damas akafunga makasia. Mashua ikasimama hatua chache tu kutoka nchi kavu.

"Hapana," Pelagia akasema. "Baba Festo, hapana."

Alishusha nanga. Macho yalikuwa kwenye ile kanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeteseka kweli, si wa ukaidi. Kule kigangoni kengele ya misa ikalia. Pelagia hakubishana. Alikunja kitenge kipya mpaka juu ya magoti, akatelemka majini, akatembea mpaka kwa dada yake, wakakumbatiana wakalia na kucheka mpaka fimbo ya Josepha ikaanguka.

Walipoachiana ndipo Pelagia akaangalia mikono yake. Mitupu. Kapu lilikuwa limebaki kwenye mashua, na kigauni ndani yake. Josepha, baada ya kuelezwa kisa cha bendera, alitaka kuficha kanga nyuma ya mgongo. Pelagia akamshika mkono.

"Iache dada," akasema. "Ipunge."

Josepha akaipunga. Pelagia akasimama, maji yanamtiririka miguuni, anamtazama mume wake. Kengele ya pili ikalia. Damas alitazama kanga. Akatazama kapu. Akamtazama mkewe, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama, maana zamani siku zote kulikuwa na treni inayokuja. Halafu akavua kofia akaiweka juu ya ubao wa kukalia, akalibeba kapu kichwani kwa mikono miwili, akashuka na viatu vyake vya ngozi. Mguu ukatumbukia shimoni, maji yakampanda mpaka kwenye mkanda. Akaja, anatembea taratibu, macho yamefumbwa nusu kama anayetarajia kugongwa.

Mtoto alibatizwa akiwa na kigauni. Damas alikaa benchi la mwisho peke yake, maji yakimchuruzika sakafuni, na watoto wa kigango wakageuka kumtazama mpaka katekista akawakaripia. Pelagia alipomaliza kazi yake mbele alirudi akaketi karibu naye, ingawa benchi lilikuwa limelowa.

"Nimepita nyekundu, Mama Festo," Damas akanong'ona.

"Nimekuona," Pelagia akasema, akamsogelea, kitenge chake kipya kikaloa chote.