Kiti cha Verlyn Skaar

Darlene Hofstad alianza kumdharau Verlyn Skaar siku ile chama kilipompa nafasi ya kuwa mmoja wa watu kumi wanaompigia Rais wa Marekani kura kwa niaba ya jimbo zima. Darlene alikuwa amebandika stempu kwenye barua za chama kwa miaka ishirini na sita. Verlyn, muuza matrekta, aliwahi kuleta mahindi ya kuchemsha kwenye mkutano mmoja. Basi Verlyn akapewa kiti, Darlene akawekwa akiba, aingie endapo mwenye kiti atakosekana.

Desemba ikafika. Verlyn akaingia bungeni na theluji mabegani, ua kifuani, utadhani bwana harusi anajioa mwenyewe.

"Darlene mama! Umekuja kunishangilia?"

"Nimekuja kungoja udondoke."

Verlyn akacheka, akamnong'oneza. "Sikia. Yule mgombea wetu simwandiki. Naandika dhamiri yangu. Nani atajua? Kura siri."

Moyo wa Darlene ukaruka kwa furaha. Sheria ya jimbo alikuwa ameisoma mara tatu: kura ya hapa haina siri hata chembe, na anayekiuka kiapo cha kumpigia mgombea wa chama anapoteza kiti palepale. Neno moja tu lingemwokoa yule bwege. Darlene akatia pipi ya mnanaa mdomoni, akaimumunya.

Wakala kiapo, wakaandika, wakatia sahihi. Katibu wa Jimbo, mama mwembamba, akazipitia karatasi moja moja. Ya saba ikamfanya avue miwani.

"Bwana Skaar, umemchagua... Bwana Skaar?"

Kumbe ndiyo dhamiri yenyewe. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mmechungulia kura yangu!"

"Ina sahihi yako, baba. Haipokelewi. Na kiti kiko wazi."

"Basi nipe nyingine niandike mnavyotaka!"

"Umechelewa. Mama Hofstad, karibu."

Darlene akaapa, akakalia kiti ambacho bado kilikuwa na joto la makalio ya Verlyn. Akaandika jina la mtu ambaye, kusema kweli, asingemwachia hata paka wake amlishe. Halafu sahihi sita kwenye vyeti vya kura. Dakika mbili, kwisha.

"Ndo hivyo tu?"

"Ndo hivyo tu. Kalamu uiache."

Mlangoni Verlyn alikuwa anahangaika na zipu ya koti. "Umeandika ulichoambiwa, kama mtoto wa chekechea," akasema.

"Na wewe hata hicho kimekushinda."

Darlene akamgeukia Katibu, akamtazama usoni, akaitumbukiza kalamu mkobani, akatoka.