Wa Kwanza Tulimwachia Gentiel

Haya nimeyapata kwa Zulma mwenyewe, mwenye baa ya kona ya kanisa hapa kijijini kwetu Wannebeke, majira ya baridi yale aliyovunjika nyonga. Nilikuwa nakwenda kummenyea viazi, na yeye akishika kisu chake amenye pamoja nami, ili ionekane tunapiga soga tu na hakuna anayesaidiwa. Mengi niliyaona mwenyewe, maana baa yake na nyumba yangu zinatazamana. Lakini moyo wa jambo lenyewe sikuujua mpaka siku hiyo, maganda yakiwa yametujaa mapajani.

Nianze na ile baiskeli. Gentiel, mume wa Zulma, alikuwa mtu wa mashindano. Alikufa siku ya sikukuu ya kijiji, katika mbio zetu wenyewe. Alikuwa ametangulia peke yake, imebaki kona ya kanisa tu halafu mstari wa mwisho. Akageuza shingo kutazama nani anamfuata. Nyuma hapakuwa na mtu. Mbele palikuwa na ukuta wa makaburi. Zulma alikuwa amesimama mlangoni pa baa, mimba imeshakuwa kubwa, na kilichombakia masikioni si kelele za watu. Ni gurudumu la nyuma, baiskeli imelala barabarani, linazunguka peke yake na kulia tik tik tik, na mwenyewe ameshanyamaza.

Remi muuza nyama, aliyekuwa rafiki wa marehemu, aliinyoosha ile baiskeli akaitundika darini juu ya kaunta. Kwetu ndivyo tunavyowatunza waendesha baiskeli wetu. Kwenye ukuta mmoja utamkuta Bikira Maria, na darini utaikuta baiskeli, na zote mbili zinafutwa vumbi Jumamosi.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Marnix. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa benchi la baa, chini ya yale magurudumu.

Basi mwaka mmoja, Jumamosi ya kuamkia mbio za ubingwa wa dunia, Remi alikuwa akiwasomea wenzake gazetini majina ya washindani, watu wabishane nani atashinda. Alipolifikia jina la Mtaliano mmoja, gurudumu la nyuma likazunguka. Tik tik tik. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Wakacheka, wakasema panya. Kesho yake yule Mtaliano akashinda.

Mwaka wa pili alisoma Zulma. Likazunguka kwenye jina la Mswisi ambaye hakuna aliyemdhania, na Mswisi akashinda. Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena panya.

Ndipo ikaanza ile desturi yetu. Remi hutundika paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi mlangoni, liwe zawadi ya atakayebashiri vizuri. Mzee Kamiel mfuga njiwa hushika chaki. Zulma husoma majina, na gurudumu hutaja la kwake. Jina hilo halibashiriwi na mtu. Kamiel huacha mstari wa juu wa ubao mtupu, akatia msalaba mdogo tu, na sisi hubishania wa pili na wa tatu. Wa kwanza tulimwachia Gentiel. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kujitia ujanja, akaandika jina la gurudumu ili alichukue lile paja. Hakufukuzwa. Ila alikunywa bia yake peke yake, na waliokuwa meza ya jirani wakahama.

Sasa sikilizeni mambo ya Mholanzi.

Bingwa wa dunia huzungushwa vijijini wiki zinazofuata, akaonyesha jezi yake kwenye mbio za sikukuu. Mwaka alioshinda Mholanzi, naye alikuwa ametajwa na gurudumu, alikuja na kwetu. Baada ya mbio alikuwa jikoni kwa Zulma, miguu ndani ya beseni, akijisugua matope. Huku baani Remi alikuwa akifunga shada la maua darini, mkono wake ukaligusa gurudumu. Likalia. Mholanzi akasimama ndani ya beseni, maji yakamwagika sakafuni.

"Nani huyo?" akauliza.

"Baiskeli ya marehemu mume wangu," akasema Zulma. "Kaa, utateleza."

Hakukaa. "Sauti hiyo ilikuwa nyuma yangu mzunguko mzima wa mwisho. Nilidhani ni yule Mfaransa amening'ang'ania. Nikanyonga pedali mpaka nikasikia ladha ya damu. Nilipovuka mstari ndipo nikatazama, na Mfaransa alikuwa bado hajatokea kwenye kona."

"Na kama ungetazama kabla?"

Yule kijana akayaangalia maji ya beseni. "Mama, sikuthubutu. Niliona nikigeuka tu, nimekwisha."

Zulma akampa taulo, akaenda kusimama kwenye chumba cha viazi gizani. Maana pale ndipo alipoelewa, na sisi wote tuliobaki tulikuwa wajinga. Mwendesha baiskeli yeyote, kabla ya mbio kukolea, hujichagulia gurudumu la mwenzake la kufuata. Hiyo ndiyo kazi yao. Sisi miaka yote tulimuuliza Gentiel nani atashinda, na yeye alikuwa anachagua wa kumfuata. Aliyefuatwa alishinda kwa sababu alikuwa anakimbia kitu. Zulma hakumwambia mtu. Unawaambiaje watu wanaokunywa bia?

Marnix akakua, akapanda baiskeli, na mama yake hakumzuia. Angemzuia vipi, mtoto aliyelelewa chini ya magurudumu? Akawa mzuri, kisha akawa mzuri sana. Mwaka ambao ubingwa wa dunia uliletwa nchini kwetu, akachaguliwa timu ya taifa.

Jumamosi hiyo baa ilijaa mpaka nje. Zulma akasoma majina. Wahispania, kimya. Waitaliano, kimya. Alipofika kwa watu wetu alitaka kuliruka la mwanawe, akaliruka kweli.

"Umemsahau mwanao, shemeji," akasema Remi.

"Sikumsahau. Yeye si wa kushinda, ni wa kuwachotea wenzake maji."

"Msome tu. Au unaogopa baba yake atamnyima?"

Watu wakacheka. Akalisoma, polepole kama asomaye jina kanisani. Gurudumu likazunguka kwa nguvu ambayo hatujapata kuiona, spoki zikawa kama ukungu. Mzee Kamiel alichora msalaba wake, kisha akavua kofia. Remi alikuwa analia na kucheka, akishika kila mtu shingo.

Simu ikalia. Alikuwa Marnix, kutoka hotelini ilikolala timu.

"Mama, limemtaja nani?"

"Halijataja. Limechoka mwaka huu."

Lakini Remi alikuwa ameshasogea, akapaza sauti juu ya bega lake. "Wewe! Limekutaja wewe, mwana wa Gentiel!"

Kisha Marnix akasema, "Basi atakuwa nyuma yangu."

Zulma akashtuka. "Nani kakwambia hivyo?"

"Mholanzi alinisimulia, tulipokuwa timu moja. Alidhani nitacheka. Sikucheka."

"Mwanangu, nisikilize. Ukisikia kitu nyuma yako, usigeuke."

"Mama, maisha yangu yote sijamwona hata mgongo. Atakuja karibu kiasi cha kuniegemea bega, na wewe unaniambia nisimtazame?"

"Baba yako alitazama nyuma."

"Najua alichofanya baba yangu," akasema Marnix, kwa upole, akakata simu.

Zulma hakulala vizuri, hilo halina haja ya kusimuliwa. Asubuhi, watu walipokwenda misa, alibaki. Alipandisha kiti juu ya kaunta, akapanda kiti, na kopo la grisi la mashine ya kuvunia kitani mkononi. Alikuwa mke wa mwendesha baiskeli, alijua sauti ile inatoka wapi. Ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma kuna vimeno, na ukiacha kunyonga, vimeno ndivyo vinavyolia. Akalisukumizia grisi kwa kidole mpaka ikafurika. Akalizungusha. Likazunguka, likazunguka, kimya kabisa. Aliniambia hapo alilia kidogo, akasema, "Nisamehe, Gentiel. Nenda naye ukitaka, ila asikusikie."

Mchana tukakusanyika mbele ya televisheni. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya mawe iling'aa. Walianza wengi, wakapukutika, na mzunguko wa mwisho ulipoingia Marnix alichomoka peke yake kwenye mlima. Baa ikatikisika. Remi akalishusha lile paja mlangoni akalikumbatia kama mtoto.

Zulma peke yake hakutazama miguu ya mwanawe. Alitazama shingo.

Kwenye mteremko Marnix aliacha kunyonga, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza sauti za chumba cha pili. Halafu akageuka. Zulma alifumba macho. Alipoyafumbua, mwanawe alikuwa bado juu ya baiskeli, na nyuma yake ni barabara tupu yenye maji.

"Anatafuta nini huyu mtoto?" akasema Mzee Kamiel. "Nyonga, mjukuu wangu. Nyuma hakuna kitu."

Akanyonga kidogo, akageuka tena. Akageuka tena. Kila akigeuka mwendo unakatika. Mwishowe alikuwa amekaa wima kabisa, mikono imelegea juu ya usukani, anangoja, na kundi likamfikia likampita kulia na kushoto. Akashinda Mdenmaki. Marnix aliingia kati ya wale ambao televisheni haiwasomi majina.

Kamiel alikwenda ubaoni, akautazama ule msalaba wake, akaufuta kwa kiganja.

"Gentiel amekosea," akasema Remi. "Mara ya kwanza, na kwa damu yake mwenyewe." Akalirudisha paja ndani ya gari lake. Watu wakaondoka mmoja mmoja wakiwa na aibu, kama waliofumania jambo la nyumba ya mwingine.

Marnix alifika jua likiwa bado juu ya mashamba ya viazisukari. Zulma alimpakulia nyama iliyopikwa kwa bia. Hakuigusa.

"Hakuja," akasema.

"Kula kwanza."

"Nilisikiliza, mama. Kwenye ule mteremko niliacha kunyonga makusudi, nikazuia na pumzi. Nyuma yangu kulikuwa na kimya ambacho sijapata kukisikia barabarani. Watu wasiomjua aliwafuata, Mtaliano, Mswisi, Mholanzi. Ilipofika zamu yangu, akaniona si kitu."

Zulma aliniambia hivi, kisu kimesimama ndani ya kiazi: angeweza kunyamaza. Mwanawe alikuwa mzima, mifupa yote mahali pake, na hilo ndilo alilokuwa ameliomba. Lakini alimwona usoni, akajua kwamba amemwokoa kwenye ukuta mmoja akamgongesha kwenye mwingine.

"Panda kitini," akamwambia. "Tia kidole katikati ya gurudumu."

Marnix akapanda. Kidole kikatoka cheusi mpaka kwenye kifundo. Akakitazama muda mrefu.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Alikuja, mwanangu. Alikuwa nyuma yako njia nzima. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Hapo mtu mwingine angevunja viti. Marnix alishuka, akaenda kibandani, akarudi na petroli na kitambaa. Akaishusha baiskeli ya baba yake kwa mara ya kwanza tangu itundikwe, akakiosha kile kitovu, jino kwa jino, mpaka petroli ikatoka safi. Mama yake alimshikia taa. Kisha akaitundika tena. Hakulizungusha gurudumu. Alikula nyama yake ikiwa imepoa, akajilaza kwenye lile benchi la utoto wake, miguu ikining'inia nje.

Hapakuwa na upepo. Gurudumu likaanza lenyewe, taratibu. Tik. Tik. Tik.

Zulma akainuka. "Marnix, usi..."

"Sigeuki, mama."

Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, mgongo umeelekea kaunta. Sauti ikashuka. Haikuwa tena darini, ilikuwa chini, karibu na benchi, karibu kiasi cha kumwegemea bega. Zulma aliona nywele za kisogo cha mwanawe zikitikisika kama mtu amezipulizia. Marnix alitabasamu kwa ukuta, macho yamefumbwa, na baada ya kitambo pumzi yake ikawa nzito, amelala.

Yeye Zulma hakukatazwa na mtu kutazama, kwa hiyo alitazama. Nilimuuliza aliona nini. Akachukua kiazi kingine.

Alichoniambia ni kwamba alivuta kiti, akakaa akielekea pale pale kwenye sauti, akakunja mikono juu ya aproni. Tik zikawa zinaachana, kama za mtu aliyekwishavuka mstari na sasa anaiacha baiskeli ijiendee. Alingoja tik ya mwisho. Kabla haijafika, kichwa chake mwenyewe kilikwisha kumwinamia kifuani, naye akasinzia, akalala.