Chapati ya Hermila

Nilimchukia Hermila tangu siku aliyomrudisha mwanangu Nabor juu ya farasi, amefunikwa blanketi. Yeye ndiye aliyekuwa luteni wa waasi, yeye ndiye aliyempeleka kupigana kwenye daraja alikouawa. Mimi si malaika, sikumsamehe.

Asubuhi moja, Hermila akiwa kijijini kwetu, askari wa serikali walituzingira ghafla. Hermila akatupa bunduki kisimani, akavaa sketi ya dada yangu, akachanganyika nasi wanawake uwanjani, mbele ya kanisa, tulikoamriwa tuwapikie. Tulimwona sote. Hakuna aliyemtaja.

Lakini kapteni wao hakuwa mjinga. Alijipigapiga kiatu kwa fimbo, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nasikia luteni wenu wa kike anajua risasi tu, jiko halijui. Basi kila mmoja anipigie chapati moja. Asiyejua, ukuta ule pale."

Kwetu msichana huzipiga chapati za mahindi viganjani kabla hajajua kusuka nywele zake. Jirani yangu Eulalia akapiga, pa-pa-pa, ikatoka duara safi. Nami nikapiga yangu. Ikafika zamu ya Hermila, aliyelelewa na wajomba wachunga nyumbu wa mizigo.

Unga ulimganda vidoleni. Chapati ikapasuka kingo, ikatoboka katikati.

"Hii nini?" kapteni akauliza, mkono ukishuka kwenye bastola.

Nilimkumbuka Nabor chini ya lile blanketi. Ningenyamaza tu, mambo yakaisha. Kunyamaza si kusema, nani angenilaumu?

Nikainuka, nikamzaba Hermila kofi mpaka shali ikamvuka.

"Mvivu mkubwa we! Unaniaibisha mpaka mbele ya wageni! Afande, usishangae, huyu mke wa mwanangu. Mwanangu alifuata macho, tumbo akalisahau. Toka aje kwangu nakula makaa!"

Askari mmoja akacheka, kisha wote. Kapteni hakucheka.

"Huyo mwanao yuko wapi?"

"Amekufa."

"Kwa njaa, bila shaka!" akasema, na sasa akaangua kicheko.

Nikacheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka, tena kwa sauti. Kapteni akamtupia mbwa ile chapati, akahamia kwa mwanamke mwingine.

Walikula, wakashiba, wakaondoka na kuku wetu. Vumbi lao lilipotulia, Hermila alikuwa bado amepiga magoti pale pale, alama za vidole vyangu zimemvimba shavuni. Kofi lile halikuwa la kuigiza, naye alilijua.

"Mama Crescencia, Nabor siku ile…"

"Usiniite mama. Kanda unga."

Akakanda huku machozi yanamdondoka. Chapati ya pili ikatoboka vilevile. Nikaishika mikono yake, ile ile iliyomfunika mwanangu blanketi, nikaionyesha jinsi ya kuzungusha.