Maulidi ya Shukrani ya Mmanga

Mmanga alikwama kati ya kitanda na mlango, mkono mmoja umeshika saruni, mwingine kifuani. Saada, mkewe, alimfunga saruni kiunoni kama anavyofungwa mtoto.

Mwaka juzi alipasuliwa moyo ng'ambo, kwa gharama ya serikali. Sasa daktari alimwambia Saada bila kuzunguka:

"Ule mshipa uliotolewa mguuni ukapandikizwa moyoni umeziba, Bi Saada. Dawa zitampunguzia maumivu, hazitauzibua. Kumpasua tena ni hatari. Lililo bora ni kupitisha waya kwenye mshipa wa mkono, njia ipanuliwe kwa ndani. Huku kwetu haifanyiki. Asafirishwe, na mapema."

Idhini ya safari za matibabu za serikali ilikuwa mikononi mwa Mheshimiwa Jabir. Saada alimkuta ofisini akichokonoa meno.

"Mmanga? Si tulimponya! Mie mwenyewe nilikuwa mgeni rasmi kwenye maulidi yenu."

Maulidi yale. Kijijini kwao Mtambile, aliyenusurika husomesha maulidi ya shukrani, na Saada naye alisomesha, akamwalika mkubwa huyu kwa heshima. Jabir akamsimamisha Mmanga mbele ya kamera, akamfungua shati watu waone kovu, akahutubia mpaka wali ukapoa. Picha ile sasa ilining'inia nyuma ya kiti chake.

"Mshipa umeziba, Mheshimiwa."

"Nikiandika umeziba, si nimesema tuliwadanganya watu? Na uchaguzi huu hapa! Wengine hawajaenda hata mara moja, yeye anataka mara mbili?"

"Anataka kuvuta pumzi, baba."

"Mshukuruni Mungu, Bi Saada. Kukufuru neema ni vibaya."

"Neema ya Mungu, au yako?"

Jabir alicheka. "Nenda. Siwaachi hivihivi, nitawaletea kitu."

Kesho yake gari ya ofisi ilisimama mlangoni. Dereva alishusha magunia ya mchele, masufuria ya shughuli na jora la bafta nyeupe ya sanda.

"Mheshimiwa kasema siku ikifika msihangaike."

Majirani walipoiona bafta hawakuuliza. Nusaiba wa nyumba ya pili alianza kulia njiani, wanawake wakajitanda kanga wakamfuata. Wanaume waliitana wakachimbe kaburi.

Mmanga alikuwa kizingitini, anahema. Mzee Mjaka, wa kwanza kufika, alikuwa keshanyoosha mkono wa taazia, asijue pa kuurudisha. Mmanga aliupokea. Alihitaji kitu cha kujishikia.