Bipu Mbili

Mzee alikuwa na mkono wa birika kwa kitu kimoja tu duniani, nacho ni vocha. Chakula chake angekugawia, shati angekuvulia, lakini kuongea na simu kwa salio lake mwenyewe, hapo ungesubiri mpaka kuku aote meno. Alikuwa fundi rangi wa majumba, amekula chumvi nyingi na bado anapanda ngazi, na simu yake ndogo ya vitufe ilikaa kwenye mfuko wa shati ikiwa na madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka.

Kwa hiyo yeye na binti yake walizungumza kwa bipu. Simu ikilia mara moja na kukatika, maana yake nimefika salama, usijisumbue. Ikilia na kukatika, ikalia tena na kukatika, maana yake nipigie. Mpango huo aliuanzisha marehemu mkewe, enzi zile mzee akisafiri kupaka rangi miji ya mbali, na mama alipofariki walibaki nao hao wawili. Binti hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye. Mzee naye hakuwa na mtu mwingine wa kumbipu.

"Baba, hizo senti unazozibana utazikwa nazo?" binti alikuwa akimtania.

"Nitakuachia wewe. Utanishukuru."

Binti huyu alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo chenye ufa alioufunika kwa picha za mitindo, na benchi la wanaosubiri, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba umbea. Mikono yake ilikuwa myepesi na ulimi mwepesi zaidi, lakini jambo moja lilimkosesha raha: baba yake alikuwa na presha na hataki kuacha ngazi. Daktari alisema. Shangazi alisema mpaka akachoka, akamalizia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, neno ambalo baadaye alilijutia sana. Msusi aliposhindwa kumzuia mzee, akamwekea ahadi.

"Basi nenda. Lakini ukijisikia vibaya, hata kidogo tu, bipu mbili. Hata nikiwa nimeshika kichwa cha bibi harusi, nitakiacha nikupigie."

"Bibi harusi atakulaani."

"Na anilaani."

Mzee akacheka, na maneno yakaishia hapo.

Sasa, matangazo. Yalianza pale msusi alipoandika namba yake kwenye kikaratasi cha bahati nasibu dukani, akitamani friji. Friji hakuliona. Kilichokuja ni watu. Asubuhi kabla hajanawa uso, ujumbe umeingia: hongera, umeshinda. Akiwa anachambua rasta, mwingine: mkopo bila dhamana, jibu NDIYO. Mchana mganga wa kurudisha mpenzi, jioni mtu asiyemjua anamwambia ile pesa itume kwenye namba hii, utadhani walilala wakiizungumzia pesa hiyo. Na simu zenyewe, sauti tamu za kuuza viwanja, bima na dawa za kupunguza tumbo. Alifuta, yakaja. Alituma neno ACHA kama walivyoelekeza, yakaongezeka. Mwanzoni aliyafanyia mzaha. Aliwajibu waganga kwamba mpenzi amesharudi, sasa anatafuta dawa ya kumwondoa, na benchi zima likacheka mpaka machozi. Lakini mzaha nao huchakaa, ikafika mahali simu ikilia anasonya kabla hajaitazama.

Mzee hakuwa na hasira nao. Siku moja alikuwa amekaa kwenye benchi la saluni, simu ya binti ikalia, na kwa kuwa vidole vya binti vilijaa mafuta, mzee akampokelea. Msichana wa upande wa pili akaanza hotuba yake ya bima ya maisha. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Umekula, mwanangu?"

Halafu wakaongea muda mrefu. Msichana hakuwa amekula, mgongo ulikuwa unamuuma kwa kukaa, na mama yake alikuwa mbali. Mzee akampa pole, akamwambia awe anasimama na kunyoosha miguu, wakaagana bila mtu kununua kitu.

"Baba, hao ni matapeli."

"Wengine. Lakini wote ni watoto wa watu, wako kazini." Akamrudishia simu. "Na tena anatumia salio lake."

Halafu wakaja wajanja wa aina nyingine, na hawa ndio waliochafua kila kitu. Namba ngeni inalia, inakatika. Ukipiga kuuliza ni nani, unaambiwa subiri, unapigiwa muziki, na huku salio linanyonywa mpaka tone la mwisho. Kati ya ujanja wote uliomo duniani, wezi wakachagua huo, ambao watu wasio na kitu wanautumia kujuliana hali. Msusi alinaswa, akalia na vocha yake, akanaswa tena. Benchi likapitisha azimio: namba ngeni ikikubipu, achana nayo.

Ikatokea mzee akapata kazi ya kupaka rangi shule, mji mwingine. Mume wa Shangazi ndiye aliyemuunganisha na msimamizi wa kazi hiyo. Alipofika alibipu mara moja, kama kawaida, na msusi akatabasamu peke yake mbele ya kioo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya harusi ya watu. Bibi harusi aliwahi saluni asubuhi, karani mmoja mcheshi, mwenye kichwa kigumu kwa nywele na chepesi kwa maneno. Alitaka mistari myembamba iliyokusanywa juu, na gari lilikuwa lije kumchukua mchana. Meza ilikuwa imejaa vitana na makopo ya mafuta, hivyo simu ya msusi ilikaa mapajani kwa bibi harusi, naye akajipa kazi ya kusoma kila ujumbe ulioingia kwa sauti ya mhubiri. Mkopo. Kiwanja. Hongera, umeshinda. Benchi lilikuwa na raha siku hiyo.

Ndipo simu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika.

"Nani huyo?" msusi aliuliza.

"Namba ngeni."

Mikono ikasimama. Moyo ulimgusa, asidanganye mtu kwamba haukumgusa. Lakini namba ya baba aliihifadhi kwa jina la Baba, na baba alikuwa na simu yake mfukoni, kwenye shati. Akaendelea kusuka. Hakwenda mbali, ikalia tena na kukatika, ikalia na kukatika.

"Namba ileile," bibi harusi alisema. "Ndio walewale wanyonya salio, dada. Hata mimi wameshanimaliza. Kwani wewe huwabloku?"

"Sijui hata pa kubonyeza."

"Niwafungie?"

Msusi akatazama vidole vyake vinavyong'aa mafuta, akatazama mistari iliyobaki, akatazama saa ukutani.

"Wafungie," alisema. "Wafungie kabisa, tupumue."

Bibi harusi akabonyeza, akaipungia simu mkono wa kwaheri, benchi likacheka na msusi akacheka nalo. Kazi ikaendelea kwa utulivu. Kichwa kilitoka kizuri hata wapita njia walichungulia mlangoni.

Bibi harusi alikuwa ameshaondoka, na msusi anafagia nywele, Shangazi alipotokea. Alikuja kwa miguu, na viatu alivyovaa havikuwa pea moja.

"Mwanangu, kaa kwanza."

Msusi hakukaa. Shangazi akaeleza akiwa ameshika mwimo wa mlango: msimamizi wa kazi amempigia mume wangu, baba yako alizidiwa, wakamkimbiza hospitali, hakufika.

"Hakubipu," msusi alisema. "Shangazi, angekuwa anaumwa angebipu. Tuna mpango wetu. Angebipu mara..."

Hakumaliza. Ufagio ulimtoka mkononi, na Shangazi aliyedhani anamshika mtu wa kulia alijikuta amemshika mtu aliyekauka. Machozi yalichelewa sana kuja.

Siku ya mazishi alikuja mtu mmoja kutoka mji ule, mwuza rangi, amebeba brashi za mzee kwenye mfuko pamoja na simu yake iliyoganda rangi nyeupe. Alimwita msusi pembeni ya uwanja, akamsimulia kwa nia njema, kama mtu anayerudisha amana.

"Asubuhi ile simu ya mzee ilitumbukia kwenye ndoo, ikazima. Akaja dukani kwangu, akasema kifua kinambana, nikampa kiti. Akaomba simu yangu. Namba yako aliitaja kwa kichwa, dada, bila kukosea. Nikamwambia, mzee ongea, salio lipo. Akakataa. Akasema hatumii salio la watu, yeye na binti yake wana mpango wao, atapiga sasa hivi."

Msusi alikuwa anatazama brashi.

"Nikamwambia twende hospitali, ni hapo tu. Akasema tusubiri kidogo, binti akipiga yeye yuko kwa daktari, akapokea mtu mwingine, atashtuka. Akabipu tena. Baadaye ikawa haiiti kabisa, inasema haipatikani. Hata hakukasirika. Akasema, leo ana bibi harusi, akimaliza kichwa atapiga. Alipokubali tumpeleke, shati lilikuwa limeshalowa jasho." Mwuza rangi akasita. "Simu yako ilikuwa na tatizo, dada?"

"Ilikuwa na tatizo," msusi alisema.

Watu walimwambia siku za mzee zilikuwa zimefika. Pengine ni kweli, na waliosema walisema kwa mapenzi. Lakini kati ya bipu ya kwanza na lile jasho palikuwa na nafasi ya simu moja, na simu hiyo alikuwa ameiahidi kwa mdomo wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Msusi alijua methali hiyo tangu utotoni na haikuwahi kumsaidia mtu yeyote, wala yeye haikumsaidia. Aliumia. Aliumia akiwa anasuka, akiwa anahesabu rasta, akiwa anacheka na wateja kwa sababu kazi ya saluni inataka kicheko.

Alijifunza pa kubonyeza. Kwenye orodha ya waliofungiwa palikuwa na namba moja peke yake. Akaifungulia, na tangu siku hiyo hakumfungia mtu. Waganga walipita, wenye viwanja walipita, wenye mikopo walipita. Na kila namba ngeni iliyobipu, aliipigia. Vocha aliyoweka asubuhi jioni haikuwepo. Benchi lilimsema chini kwa chini, kwamba msiba umemharibu akili, anawalisha wezi huku akiona. Aliwasikia, akaendelea kusuka.

Bibi harusi alirudi miezi kadhaa baadaye, mashavu yamejaa, ndoa imemkubali. Alipoketi akageuka akamshika msusi mkono.

"Pole sana na msiba wa mzee, dada. Nilisikia nikiwa safarini. Nikaambiwa ilikuwa siku ileile ya harusi yangu, nikaumia kweli."

"Nimeshapoa. Umeolewa vizuri?"

"Namshukuru Mungu."

Msusi hakumwambia. Alikuwa amelifikiria sana jambo hilo, mwisho akaona huyu hakuwa na kosa, alibonyeza alipoambiwa abonyeze. Husemwa usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Basi na abaki kwenye giza lake. Huko angalau alikuwa anapata usingizi.

Nusu ya kichwa ilikuwa imekamilika simu ilipolia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Ilikuwa palepale ilipokuwa siku ile, mapajani kwa mteja.

"Namba ngeni," bibi harusi alisema akicheka. "Kumbe hawa hawajakuacha mpaka leo? Lete niwafungie."

Msusi aliichukua simu kwa vidole vyenye mafuta, akaacha kitana kimening'inia kwenye nywele za mtu, akatoka nje. Akasimama juani kando ya ukuta, akapiga.

"Hongera mpendwa mteja," sauti ya msichana ilisema, sauti iliyokauka kwa kusema hongera. "Umechaguliwa kati ya maelfu..."

Alijua ni uongo tangu neno la kwanza. Hakukata. Alimwacha aeleze zawadi, aeleze ada ya kuitoa zawadi, na nyuma yake zikasikika sauti nyingine nyingi zikipongeza watu wengine. Msichana alipotua kuvuta pumzi, msusi akauliza, "Umekula, mwanangu?"

Hotuba ya zawadi ikaishia hapo.

"Bado," sauti ilisema, ndogo, ya mtoto kabisa.

Msusi alifungua mdomo ampe pole, lakini salio lilikuwa limeisha na simu ikakatika. Kisha akafuta mafuta kwenye kioo cha simu kwa upindo wa aproni, akarudi ndani.

"Nani?" bibi harusi aliuliza.

"Hakuwa yeye," alisema, akachomoa kitana, akatafuta mstari alipoishia.